Pikapu Iliyokosa Pumzi

Pikapu ilizimika tena katikati ya mlima, na magunia ya muguka, majani ya kutafunwa kama miraa, yakapigwa jua mpaka yakalegea kama mboga ya jana. Wawira alibaki ameshika usukani. Alitamani kulia, lakini hata machozi yakamkatalia.

Yeye ndiye aliyekuwa akiwapelekea wakulima wa Karurumo muguka wao Embu mjini. Na muguka hausubiri mtu. Ukinyauka, mnunuzi anautupia jicho tu na kugeuza uso. Tabby, msemaji wa wakulima, alimpigia simu, akimwita kwa jina la mwanawe.

"Mama Oscar, leo jioni tunachuma tena. Usipofika, kazi tunampa Mutembei na gari lake, na hatutamnyang'anya."

"Nitafika, dada."

"Jana pia ulisema hivyo."

Gitari, fundi wa pale kwao, alishabadilisha plagi. Halafu filta ya petroli. Halafu pampu. Kila mara alijipangusa mikono na kusema, "Sasa hii itaruka!" Kwenye tambarare ilikwenda vizuri. Ikiona mlima tu, inakata tamaa.

Pikapu ilipopoa ikakubali kuwaka, na Wawira akaikokota pole pole hadi mjini, akayashusha magunia yaliyonyauka, kisha akaenda kwa fundi Rashid. Huyu hakufungua boneti. Alizunguka nyuma, akachutama kwenye ekzosi, lile bomba la kutolea moshi.

"Kanyaga mafuta, mama."

"Fundi, injini iko mbele! Huko nyuma unatafuta mkia?"

Rashid akacheka. "Wewe kanyaga tu. Haya, njoo uweke mkono hapa."

Wawira akaweka. Hewa ilitoka kidogo tu, kama mtoto anayepuliza uji.

"Chini ya gari kuna kopo linaitwa katalitiki," Rashid alisema. "Ndani lina vitundu kama sega la asali, moshi unapita humo ukisafishwa. Naona limeziba. Injini inavuta hewa, kuitoa haiwezi. Wewe ukizibwa pua na mdomo, utapanda mlima?"

"Unaona, ama unajua? Gitari naye alikuwa anaona. Nimechoka na watu wa kuona!"

Rashid akachukua spana. Alingoja bomba lipoe, akaingia chini, akalegeza nati mahali bomba linapoungana na lile kopo, ili moshi utokee hapo. Akawasha. Kelele ilitoka mpaka kuku wa jirani wakatawanyika. Wakaipeleka kwenye mteremko wa karibu, wakaupanda kwenda juu. Pikapu ikapanda kama mbuzi.

"Basi weka kopo jingine niende!"

"Jipya nalo litaziba, kama hatujui hili limezibwa na nini." Rashid alifungua boneti, akachomoa kijiti cha kupimia oili. Oili ilikuwa imepita alama kwa mbali. "Nani anaongeza?"

"Mimi. Kila asubuhi. Kila nikipima naikuta chini."

"Unaipimia wapi?"

"Nyumbani, ikiwa imesimama pale..." Wawira akakitazama kijiti. Boma lake lote ni mteremko. Pikapu hulala pua ikiangalia juu, oili yote imekimbilia upande mmoja, na kijiti kinatoka kikavu. Naye anaongeza.

"Iliyozidi inaungua, masizi yanajaa kwenye sega," Rashid alisema. "Moshi wa bluu hukuuona?"

"Nilidhani ni uzee."

Alitaka kumkasirikia Gitari, lakini Gitari hakuwahi kushika hiyo chupa ya oili. Hasira ikakosa pa kwenda.

Rashid alipunguza oili. Kopo la kufaa hakuwa nalo, na jioni ilikuwa inakaribia. "Basi nenda hivyo hivyo, bomba likiwa limelegezwa, na kelele zako. Madirisha yote wazi, huo moshi ni sumu. Na usiegeshe kwenye nyasi kavu, utachoma shamba la watu. Kesho uirudishe."

Alipofika Karurumo, gari la Mutembei lilikuwa tayari limepakiwa nusu. Tabby aliziba masikio.

"Hiyo ni gari ama ni kisiagi cha unga?"

"Ni gari. Nimefika."

"Nilimwita Mutembei. Sikukuamini, Mama Oscar."

"Hata mimi nisingejiamini."

Tabby aliyatazama magunia yaliyobaki chini. "Beba hayo. Yakifika yakiwa mabichi, kesho tutaongea. Yakinyauka, usinipigie simu."

Ilikuwa nusu ya kazi yake mwenyewe, sasa anapewa kama kuonjeshwa. Wawira aliinama, akashika gunia la kwanza kwa pembe zake mbili na kulitupa ndani ya pikapu.