Pampu ya Clement

Katika ndoto zangu baba hafi. Amekaa juu ya trekta jekundu, anapita katikati ya pamba iliyopasuka, taratibu mno, na hakuna shina linalovunjika. Nikiamka, muungurumo unabaki kidogo sikioni, halafu unaondoka na kuniachia hasira zangu.

Hapa Nkoma wenzake walikusanya ng'ombe. Baba alikusanya matrekta mabovu. Moja alilikuta Nassa, kuku wakitagia ndani yake. Jingine Kalemela, wavuvi wakianikia nyavu juu yake. Kila Jumapili baada ya kanisa sote tulikuwa na grisi mpaka viwikoni: mama akisugua kutu, mimi na mdogo wangu Clement tukigombania spana. Lile jekundu, Massey Ferguson lenye umri wa mama, ndilo lililokuwa roho yake.

Alipoona siku zake zinakwisha, baba, mzee Masunga, aliwagawa ng'ombe wake wachache kama wagawavyo Wasukuma wote. Kisha akaligawa lile jekundu. Usukani wa mama. Rejeta yangu mimi, Nyanjige. Pampu ndogo, ile inayovuta dizeli kutoka kwenye tangi, ya Clement. Baba mdogo Mayunga akacheka, akasema trekta halichinjwi. Baba akamjibu kwamba kila mwaka, pamba ikishavunwa, kila mtu aje na kipande chake waliwashe.

Clement alikuwa akifanya kazi Mtwara. Basi lilimharibikia njiani, akafika kaburi limeshafukiwa. Mimi ulimi wangu hauna breki. Nilimwambia mbele ya waombolezaji wote kwamba mwanamume anayechelewa kumzika baba yake asijisumbue kuja tena. Clement alikula kidogo, akachukua pampu yake, akaenda zake. Miaka mitatu sasa. Nilijua nimekosea hata kabla sijafunga mdomo, lakini kuomba radhi nako ni kazi, na mimi kazi hiyo nilikuwa naiahirisha.

Mwaka huu nilimtumia ujumbe: Jumamosi tunaliwasha, njoo. Kimya. Nikanunua pampu nyingine mjini Bariadi, nikaifunga mwenyewe, ili asijione yeye ndiye ufunguo wa nyumba yetu.

"Msubiri mdogo wako mpaka jioni," mama aliniambia.

Nilisubiri mpaka saa sita mchana. Subira huvuta heri, lakini mimi heri huwa naifuata huko huko iliko.

Likawaka. Moshi ulipanda polepole, jua likiwa utosini, na nyuzi za pamba zilizosalia kwenye mashina zikatikisika kama zinapumua. Shamba zima lilionekana kuelea. Mama alifumba macho. Kwa muda sikujua ni mwaka gani, na kama mtu angeniambia baba yuko nyuma ya banda ananawa mikono, ningeamini.

Ndipo nikaona mtu ng'ambo ya shamba, anatoka barabarani, anatembea ndani ya mazigazi. Miguu yake haikuonekana kugusa ardhi. Alikuwa amekumbatia kitu kifuani kwa mikono miwili. Nilimjua kwa mwendo.

Nikazima injini.

"Unafanya nini?" mama akauliza.

"Nafungua, mayu."

Nati mbili, mabomba mawili. Chuma kiliniunguza vidole, dizeli ikanimwagikia kwenye kanga. Pampu mpya nikaifunika kwa ndoo. Mama alivua mtandio wake, akaanza kuupepea moshi uondoke.

Clement akafika, ana mvi mbili tatu ambazo sikuziona zikiota.

"Mwadila, mayu," akamwamkia mama. Kisha akanigeukia, sauti ikawa ndogo. "Shikamoo, dada. Basi la asubuhi lilijaa. Nimechelewa tena?"

"Marahaba. Hata hujachelewa. Bila pampu yako lingewakaje?" Nikamsogelea. "Na yale maneno ya msibani, Clement, nisamehe. Nilikuonea."

Alitikisa kichwa, akafungua kitambaa. Pampu iling'aa, miaka yote alikuwa akiipaka mafuta. Akainama kuifunga, akaegemeza kiganja ubavuni mwa injini.

Alikitoa haraka, chuma bado cha moto. Akakitazama, kisha akavitazama vidole vyangu vilivyoanza kufura malengelenge. Macho yakamjaa machozi.

"Limepoa sana hili, dada," akasema. "Nipe spana."