Kila Mtoto na Jina Lake

Kijiti cha kibiriti kilikwaruza mara mbili gizani ndipo kikashika. Mtaa mzima wa Musaga haukuwa na umeme tangu jana, na simu ya Concilie ilibaki na chaji ya mazungumzo ya mara moja tu. Saa mbili asubuhi mama wa ofisi ya viza angempigia kwa video. Akiridhika, Concilie na binti yake Chanelle wangemfuata mumewe Léonce Ujerumani. Asiporidhika, mtoto angeendelea kumjua baba yake kwenye kioo cha simu.

Huku akikoroga uji, alirudia maneno ya darasa la jioni la Kijerumani. Ich heiße, ninaitwa. Bitte langsam, polepole tafadhali. Das ist, huyu ni. Mein, wangu. Chanelle, miaka minne, alifuatiza kila neno, kijiko kinywani.

Mama wa viza aliitwa Frau Schneider, yaani Bi Schneider. Mwalimu Elvire alikuwa amewaeleza kwamba Schneider ni fundi cherehani: babu alishona, na vitukuu wasiojua hata kutunga uzi bado wanabeba jina lake. Darasa zima lilicheka.

Saa mbili alipotokea kwenye kioo cha simu, Frau Schneider hakucheka. Aliuliza umri, akauliza kazi, Concilie akajibu bila kukwama. Kisha akainua karatasi. Baba Léonce Ndayizeye, mama Concilie Nizigiyimana, mtoto Chanelle Irakoze. Majina matatu ya ukoo, nyumba moja? Mtoto huyu ni wa nani?

Concilie alitupia jicho daftari lake la darasa. Swali hilo halikuwamo.

"Bitte langsam," alisema, ingawa alikuwa ameelewa kila neno. Alitaka pumzi tu.

Swali likarudiwa, polepole. Chaji ilibaki asilimia nne. Ndipo akamkumbuka yule fundi cherehani.

"Frau Schneider, jina lako ni la babu," alisema kwa Kijerumani cha kuokoteza, neno moja moja. "Kwetu apana. Kwetu mutoto akizaliwa anapewa jina lake yeye. Jina la bwana yangu, Ndayizeye, ni 'ninamtumaini Mungu'. Huyu tulimungoja miaka sita. Irakoze. Ni 'asante, Mungu'."

Kalamu ya Frau Schneider ilisimama hewani. Hakuandika. Aliomba mtoto asogezwe karibu, akainua picha ya Léonce mbele ya kamera, akangoja. Concilie alimpakata binti yake, akajizuia hata kumbinya mkono.

Chanelle alilamba uji mdomoni, akaitazama picha.

"Das ist mein Papa," alisema.