Kuvumwani za Mkurugenzi

Mimi ni mkuu wa bustani katika halmashauri ya mji wetu. Cheo ni kikubwa: toroli mbili, mikasi ya kupogolea na vibarua wanne ambao watatu kati yao huumwa kila Jumatatu. Ofisini wananiita Mama Bustani. Mkurugenzi wetu naye tunamwita Chokaa, ila si mbele yake. Jina hilo amelitolea jasho. Akisikia mgeni wa maana anakuja, hupaka chokaa kingo za barabara, hupaka mawe, hupaka mashina ya miti hadi kiunoni. Inasemekana aliwahi kupaka hata kobe wa watu akidhani ni jiwe. Mimi sikuwepo, lakini kobe nimemwona.

Angepaka hata mawingu, mimi yasingenihusu. Kilichokuwa kikininyima raha ni kifua cha binti yangu. Nyumbani tunamwita Bibi kwa sababu amebeba jina la mama yangu, na ana maneno ya kibibi kwelikweli, ingawa yuko darasa la pili. Shule yake inapakana ukuta kwa ukuta na kiwanda kinachoyeyusha betri kuukuu za magari. Bomba la kiwanda ni fupi, moshi ndio mrefu. Kutoka darasani hadi getini, mwanangu alikuwa akishika ukuta njiani apumzike, mtoto ambaye hata meno ya mbele hajamaliza kuota. Nikimwona hivyo nilikuwa nashikwa na hasira.

Nikaenda kwa Chokaa kumwomba akilazimishe kiwanda kiweke chujio kwenye lile bomba.

"Mama Bustani," akasema, "mimi ni mtu wa ushahidi. Leta ushahidi."

Nikamleta Bibi. Akakohoa mbele ya meza yake vizuri sana, wala sikumfundisha. Chokaa akafungua droo, akampa peremende, akanishauri nimpe maji ya uvuguvugu. Nikamshukuru, maana mshahara wangu unapita kwenye meza hiyohiyo.

Ndipo wizara ikatangaza shindano la mji wenye hewa safi, na chuo kikuu kikamtuma mtafiti awe mpimaji. Alikuwa mwanamke mdogo kwangu kwa umri, mwenye viatu vya kupandia milima. Sote tukamwita Dokta. Alikuja kwanza kujitambulisha, akaweka juu ya meza ya mikutano kipande cha gome chenye madoa ya kijivu na kindevu cha kijani.

"Hii mnayoiona mkadhani ni ugonjwa wa mti, inaitwa kuvumwani," akasema. "Na si kiumbe kimoja. Kuvu amejenga nyumba, mwani yumo ndani anapika chakula kwa jua. Wanakula pamoja."

"Kumbe ni ndoa!" akasema Chokaa, akatutazama tucheke. Tukacheka.

"Hata sisi tulidhani ni ndoa ya wawili, zaidi ya miaka mia. Siku hizi tumechunguza upya, tukakuta ndani ya nyingine mna jamii ya hamira pia, na bakteria chungu nzima."

"Basi hiyo si ndoa tena. Hao ni mashemeji wamehamia na mizigo yao."

"Na mwenye nyumba ni nani, bado tunabishana," akasema Dokta. Akatueleza kwamba ziko aina maelfu kwa maelfu, kwamba watu wamezitumia kutengeneza rangi za nguo na manukato, na kwamba maabara zinajaribu kama zitatoa dawa ya vijidudu vilivyo sugu. Chokaa akauliza kilo inauzwaje. Kisha akaelezwa jambo lililomkaa kichwani: penye hewa safi kuvumwani hujaa miti, penye hewa chafu hufa, na zile za ndevu ndizo hutangulia. Yeye Dokta angerudi kuziangalia katika miti ya mji.

Hapo simu ya Chokaa ikalia, akatoka nje kuipokea. Kwa hiyo hakusikia yaliyofuata. Dokta alisema kuvumwani haina mizizi. Chakula chake chote ni kile kinacholetwa na hewa na mvua, nayo haina namna ya kuchagua. Vikiingia vumbi, masizi au madini, vinabaki humohumo.

Mgeni alipoondoka tu, Chokaa akaniita.

"Miti yetu ina hizo kuvumwani?"

"Haina, Mheshimiwa. Ina chokaa."

Hakucheka. Akanipa lori, ngazi na ndoo za gundi nyeupe ya maseremala. Niende msitu wa milimani, nibandue kuvumwani za kutosha, nije kuzibandika mji mzima. Nilimwambia huo ni udanganyifu. Akaniuliza kama kazi ya bustani imenichosha. Nikapanda lori.

Kule milimani niliona haya. Kipande cha ukubwa wa kiganja, Dokta alituambia, kinaweza kuwa na umri wa kunizaa, na mimi nilikuwa nakibandua kwa kisu cha jikoni. Nikawa nawaomba radhi, eti, kuvu na mwani na mashemeji zao wote. Vibarua wakasema Mama Bustani kaanza kuwehuka.

Lakini kichwa kilikuwa kinafanya kazi. Kama hewa chafu inaziua, basi pale shuleni zingekufa haraka, na Dokta angeona kwa macho yake. Kwa hiyo niliporudi nikampaka Chokaa mafuta kwa mgongo wa chupa.

"Mheshimiwa, jambo kubwa kama hili lazinduliwa kimyakimya? Anzia getini pa shule, watoto wakuone. Ya kwanza ubandike wewe mwenyewe."

Akavimba kichwa palepale. Siku ya uzinduzi alivaa glavu, akabandika kindevu kizuri cha kijani kwenye mti wa getini, akapigwa picha kutoka kila upande. Kibao cha chuma kikasimikwa: MRADI WA KUVUMWANI, jina lake kwa herufi kubwa, na tarehe chini yake. Tulipiga makofi. Mikono yangu ilikuwa imejaa gundi, nilipiga mara moja ikagoma kuachana.

Chokaa akaogopa kwamba bado zinaonekana ngeni. Akamwomba Dokta aahirishe, barabara inatengenezwa. Akaomba tena, kuna ugeni. Akaomba mara ya tatu, sijui kwa kisingizio gani. "Tuziache zizoee mji," aliniambia akikonyeza jicho. Miezi ikapita. Kuvumwani zikawa zinazoea mji sawasawa. Kile kindevu cha getini kilitoka kwenye kijani kikawa rangi ya chai ya maziwa, na ndani ya ukuta Bibi aliendelea kukohoa.

Mwishowe Dokta akaja. Alianza na mti ulio mbele ya ofisi. Akatoa kioo chake cha kukuzia, akainama, akakwaruza kwa ukucha.

"Hii ni gundi?"

"Utomvu, Dokta," akasema Chokaa. "Miti ya hapa ina utomvu mwingi sana."

"Utomvu wenye alama za brashi?"

Wafanyakazi wote tukageuka wapenzi wa viatu vyetu. Dokta akajipangusa ukucha. Akatembea mti hadi mti, nasi nyuma yake, mpaka getini pa shule. Akakitazama kile kindevu, akasoma kibao, akasoma tarehe. Halafu akaniuliza zilitoka msitu gani. Nikamwambia. Akaanza kucheka hadi akafuta machozi. Chokaa naye akacheka, bila kujua anachekea nini.

"Mheshimiwa, mnajua mmefanya nini?" akasema Dokta. "Sisi watafiti hufanya hivihivi. Tunachukua kuvumwani mahali pasafi, tunazitundika mjini, tunaziacha miezi zivute kila kilichomo hewani, kisha tunazipima. Kupata kibali tu ni kazi ya kufa mtu. Ninyi mmenitundikia mji mzima bure, na tarehe mmeniandikia kwenye chuma."

Cheko la Chokaa likakatikia mdomoni.

Dokta alifunga vipande katika bahasha, akaongeza vingine kutoka kule msituni vya kulinganishia, akaenda navyo maabara. Majibu yalipokuja, yalikuwa mabaya kuliko hasira zangu zote: madini ya risasi na salfa, kidogo upande wa milima, yakipanda kadiri unavyokaribia kiwanda. Kilichoongoza mji mzima ni kile kindevu cha getini, alichobandika Mheshimiwa kwa mkono wake. Nilikaa chini nikalia, maana mwanangu alikuwa akivuta hewa ileile kwa muda uleule, na zaidi.

Wizara ikaitisha kikao. Kiwanda kikaleta wakili. Nje ya ukumbi Dokta akanivuta kando.

"Dada, wakili hana la kupinga kwenye vipimo. Atashika gundi. Atasema waliobandika ni matapeli, basi vipimo vyote ni takataka. Mimi nitasema nilichopima tu. Nia yenu siijui na sitaisemea."

Na kweli. Wakili aliniita mbele, akarekebisha tai.

"Mama, mlizibandika hizi kuvumwani ili iweje?"

Chokaa alikuwa amekaa hatua chache kutoka kwangu, jasho linamtiririka mpaka kwenye kola. Jamani, nilikuwa nimeiota siku hiyo! Neno moja la kweli, na yule mtu anakwenda na chokaa yake, na peremende zake, na kibao chake. Ulimi uliwasha. Lakini angekwenda na ule ushahidi pia, na bomba lingebaki linafuka. Nikauona ule ukuta wa shule, palipochafuka kwa kiganja cha mwanangu.

"Ili kupima hewa," nikasema. "Lilikuwa wazo la Mheshimiwa Mkurugenzi. Alituambia tangu siku ya kwanza."

Chokaa akanigeukia polepole, ametoa macho. Kisha akainuka, akakohoa kidogo kusafisha koo. Sentensi ya kwanza aliisema kwa woga. Ya pili alishaanza kuiamini. Kufika ya tano alikuwa anamsahihisha Dokta.

Chujio likawekwa. Kiwanda kilisimamishwa mpaka lilipofungwa, na udongo wa uwanja wa shule ukabebwa na malori, ukaletwa mwingine. Chokaa akapewa ngao ya mkurugenzi mbunifu na kusimikiwa kibao cha pili, kikubwa kuliko cha kwanza. Sherehe ikafanyika palepale getini. Mashina yote yalikuwa yamepakwa chokaa, ukiacha kile kindevu cha kahawia, ambacho kimezungushiwa uzio.

Walimu walimchagua Bibi ampe maua. Chokaa akamshika bega, akainamisha kipaza sauti.

"Huyu mtoto namkumbuka! Alikuja ofisini kwangu akiumwa. Hebu waambie wageni, siku ile nilikufanyia nini?"

"Nilikohoa, ukanipa peremende, ukamwambia mama anipe maji ya moto, tukarudi nyumbani, nikakohoa tena," akasema Bibi.

Wageni waliangua kicheko. Chokaa naye akacheka, akapiga makofi, na watu wote wakampigia. Mume wangu akanifinya mkono, anasikitika jinsi mtoto alivyotuaibisha. Mimi sikuwa na habari na aibu. Maneno yote yale mwanangu aliyasema kwa pumzi moja, hakukohoa. Nikapiga makofi mpaka viganja vikauma.