Nilivyowasemea Watu Elfu Mbili

Usiku wa kuamkia leo niliota kikokotoo kinabisha hodi kwangu, hapa Korogwe. Kilikuwa kirefu kama mlinzi wa benki, na kimevaa tai.

"Shemdoe," kikaniambia, "umeingia kwenye sampuli."

"Sijatoka hata mlangoni."

"Hiyo haizuii."

Kikanieleza kuwa haiwezekani kumuuliza kila mtu kuhusu chanjo, kwa hiyo wanachaguliwa wachache, na kila mmoja anawabeba wenzake. Mimi nimepangiwa elfu mbili. Nageuza shingo, nawaona wamekaa mabegani mwangu wamepandana mpaka darini. Mmoja anakula mihogo ya kukaanga, mafuta yananidondokea sikioni.

"Swali ni moja," kinasema kikokotoo. "Binti zetu wachanjwe?"

Swali hilo nilikuwa nalikwepa hata nikiwa macho. Manesi walikuwa waje leo shuleni kwa binti yangu Zulekha, kuwachanja wasichana wasije wakapata saratani ya mlango wa kizazi. Mke wangu anataka, mama yangu hataki, na mimi kila jioni nilijifanya nina usingizi.

Sebule imekuwa uwanja wa mpira. Katikati kuna viti. Jibu lako ni kiti utakachokalia. "Nakubali kabisa" kimekunja nne. "Sikubali kabisa" kinamsonya mwenzake. "Sijui" kina mto laini.

"Njoo upumzike, baba," kinaniita. "Hapa hakuna wa kukugombeza."

Nikakikalia. Kikaanza kuzama ardhini, mimi na watu wangu wote.

"We baba," bibi mmoja akasema kutoka bega la kushoto, "ugonjwa huo ulimuua dada yangu. Usinizamishe na sijui yako."

"Mimi nilisikia chanjo inafunga kizazi," akasema mwanamume wa bega la kulia.

"Ulisikia kwa nani?" bibi akamuuliza.

"Kwa shemeji."

"Daktari?"

"Ana gereji. Naye aliambiwa na mtu."

"Basi shuka ukamtafute huyo mtu, utupunguzie uzito."

Akashuka bila ubishi. Nikapata nguvu ya kunyanyuka, nikahamia "Nakubali", kiti cha plastiki chenye mguu mmoja uliopinda.

"Siyo kabisa?" kikauliza kikokotoo.

"Kuna mwenzetu hajarudi."

Kikajibonyeza tumboni, nikaamka.

Asubuhi nikatangaza kuwa Zulekha atachanjwa. Mke wangu alinitazama kama mgeni. Mama akanuna, akanywa chai yake ameelekea ukutani. Nikamshika mtoto mkono tukaenda shuleni.

Getini alisimama mwanamume nisiyemjua, viatu vimejaa vumbi, naye ameshika mkono wa binti yake.

"Bwana Shemdoe, samahani kwa kuchelewa," akasema. "Yule mtu nimemkosa. Kila ninayemuuliza, naye alimsikia mwingine."

"Pole."

"Sasa nipande tena, au?"

Nikamwambia mabega yananiuma, tutembee tu. Tukaingia pamoja, watoto wetu wakitangulia.