Mgonjwa wa Kufuli

Kila Alhamisi asubuhi, kabla dirisha la mapokezi halijafunguliwa, Daktari alisimama katikati ya mabenchi ya kituo cha afya akajibu maswali ya wagonjwa. Desturi hiyo aliianzisha mwenyewe, baada ya kugundua kwamba yale watu wanayoambiana kwenye foleni ni mengi kuliko wanayomwambia wakishafunga mlango. Alipenda kazi yake, lakini saa ile ya maswali aliipenda kama mtoto anavyopenda likizo.

"Daktari," aliuliza mzee mmoja mwenye bakora, "wameniandikia dawa mara tatu kwa siku, baada ya kula. Mimi nala mara mbili. Ile ya tatu niimeze kwa heshima ya nani?"

"Imeze na kipande cha mkate, mzee wangu. Tumbo halidai karamu, linataka kitu cha kuegemea tu."

"Na zikibaki nikiwa nimepona, nimpe jirani?" alidakia mama aliyepakata mapacha.

"Jirani muazime ngazi. Dawa ulizoandikiwa zimalize mwenyewe mpaka siku ya mwisho, hata kama umepata nafuu. Ugonjwa wake si wako."

Mabenchi yalikuwa bado yanacheka Daktari alipomwona baba yake akipita ukumbini. Baba yake alikuwa mzimamoto mstaafu, mrefu kama mlingoti, na siku hiyo alikuwa ameishusha kofia mpaka kwenye nyusi, anatembea ubavuubavu kama mtu aliyeiba kuku. Mtu wa kimo kile kujificha ni sawa na kuficha mnazi nyuma ya ufagio. Alibisha mlango namba tatu, akaingia.

Namba tatu ilikuwa ya tabibu kijana ambaye wote walimwita Kufuli. Hakuna aliyewahi kumtoa neno juu ya mgonjwa wake. Hata paka wa kituo alipozaa stoo, wauguzi walisema Kufuli anamjua baba wa watoto wale, na hatamtaja.

Daktari alijibu maswali yaliyobaki nusunusu. Tangu mama yake afariki, baba yake hakuwa na daktari mwingine. Akichomwa na kibanzi kidoleni, alimletea yeye. Akikohoa mara mbili mfululizo, alimpigia simu. Sasa leo ana jambo gani la kumpeleka kwa Kufuli, tena kwa kunyatia? Mtu wa kawaida akiogopa, huogopa kwa jumla. Daktari akiogopa, huogopa kwa majina ya kitaalamu, moja baada ya jingine. Mpaka adhuhuri alikuwa amemwuguza baba yake magonjwa saba na kumzika kwa mawili.

Wagonjwa walipoisha, alimfuata Kufuli chumbani mwake, akamkuta anaosha mikono.

"Baba yangu ana nini?"

"Ana kofia nzuri," Kufuli alisema.

"Sitanii."

Kufuli alifunga bomba, akajifuta mikono taratibu. "Wala mimi sitanii, Daktari. Muulize mwenyewe."

"Mimi ndiye mkuu wa kituo hiki."

"Ndiyo. Na ni wewe uliyeniambia siku yangu ya kwanza hapa kwamba ndugu wa mgonjwa, hata aje na cheo, ni ndugu wa mgonjwa."

Daktari aliketi kwenye kiti cha wagonjwa. "Basi niambie moja tu, nipate usingizi. Ni saratani?"

Kufuli alimtazama kwa huruma, lakini hakulegea. "Nikikujibu hapana kwa hilo, utaniuliza la pili. Na siku nitakaponyamaza, kimya changu kitakuwa kimeshasema."

Daktari alijua kijana yule anasema kweli, na ndiyo maana alikasirika zaidi. Jioni alimpigia simu baba yake.

"Shikamoo baba. Nimekuona leo kituoni."

"Marahaba mwanangu. Nilipita tu kumsalimu yule kijana."

"Kwa kofia ile?"

"Jua lilikuwa kali," alisema baba, na asubuhi ile ilikuwa na mawingu.

Wiki nzima Daktari alikula bila ladha. Alhamisi iliyofuata, wa kwanza kuinua mkono alikuwa dereva wa lori, mtu wa kifua kipana na sauti ya kuendana nacho.

"Daktari, mimi nina malalamiko. Mama yangu alipimwa hapa. Nimemleta mimi, kwa gari langu, mafuta yangu. Nikauliza majibu, nikaambiwa hayo ni ya mama. Sasa mimi ni nani, mpita njia?"

Siku nyingine yoyote, jibu lingemtoka Daktari kwa pumzi moja. Siku hiyo aliwageukia wenye mabenchi. "Nyie mnasemaje?"

Hapo ikawa kama nyuki wameguswa mzingani. Mzee wa bakora alisema mzazi hana siri kwa mtoto anayemlisha. Mama wa mapacha akauliza, je, mtoto naye awe hana siri kwa mzazi? Maana yeye ana mambo ambayo mama yake akiyajua, wataugua wote wawili. Watu wakacheka. Dereva akashikilia kwamba mapenzi ndiyo yanayomfanya aulize, si umbea.

Kwenye benchi la nyuma alikuwapo mama mmoja wa makamo, fundi wa mapazia, futi ya kupimia bado ikining'inia shingoni kana kwamba ameshuka cherehani sasa hivi. Alizungumza bila kupandisha sauti.

"Mwanangu, mapenzi yako hakuna anayeyakataa. Lakini siri ya mtu ni kama mlango uliofungwa kwa ndani. Wewe unapiga hodi. Ukinyamaziwa, unangoja au unapiga tena. Hupandi dirishani ukasema umepanda kwa mapenzi. Na mwenye siri naye ana haki ya kuchelewa kidogo. Labda anatafuta nguo ya kuvaa kabla hajafungua."

Mabenchi yalipiga makofi. Hata dereva alitabasamu, akajikuna kisogo.

"Basi hodi naipigaje?"

Macho yote yakarudi kwa Daktari, na safari hii jibu lilikuja lenyewe. "Usimwulize ana ugonjwa gani. Mwambie wewe una hofu gani. Kisha akikubali, njooni wote wawili, tutawaeleza pamoja. Asipokubali, mlete hivyohivyo siku ya miadi yake na umngoje hapa benchini. Hiyo nayo ni dawa."

Akasikia maneno yake mwenyewe, akaona haya.

Alipotoka kazini hakwenda kwake. Alikwenda kwa baba, akamkuta ukumbini, na jambo la kwanza alilogundua ni kwamba madirisha yote yalikuwa uchi. Mapazia ya zamani, yaliyofifia mpaka yakasahau rangi yao, yalikuwa yamekunjwa sakafuni.

"Shikamoo baba. Sikuja kukupima," alisema akiwa bado mlangoni. "Nimekuja kukwambia naogopa. Basi. Ukitaka kunyamaza, nyamaza, mimi nitakaa hapa tu na wewe."

Mabega ya baba yake yakaanza kutikisika. Daktari alidhani analia. Mzee alikuwa anacheka, mpaka akashika ukuta.

"Mwanangu, wewe una akili nyingi zinazokwenda makaburini. Kaa. Mimi nataka kuoa."

Daktari alikaa palepale, juu ya mapazia yaliyokunjwa.

"Tumekubaliana tupimwe kwanza, damu, moyo, kila kitu, kila mmoja amjue mwenzake alivyo. Presha imepanda kidogo, nimepewa vidonge. Mengine yote ni salama, na sasa nakwambia kwa kinywa changu." Akashusha sauti, akaangalia dari. "Halafu nilikuwa na maswali mengine. Maswali ya bwana harusi wa umri wangu. Wewe nimekufunga nepi, binti yangu. Ningeanzia wapi?"

Daktari alijifunika uso kwa viganja viwili, akacheka mpaka machozi, na ndani ya machozi yale yalikuwamo ya wiki nzima. "Baba, ahsante sana kwa kutoniuliza," alisema alipopata pumzi.

"Nami namshukuru yule kijana. Alinijibu bila hata kukohoa."

Mlango wa chumba cha pili ukafunguliwa, na aliyetoka alikuwa fundi wa mapazia, futi shingoni, pini mbili mdomoni. Alipomwona Daktari alizitoa zile pini, akasimama kama mwanafunzi.

"Kumbe ni wewe," Daktari alisema.

"Ni mimi. Asubuhi nilikuja kuchukua majibu yangu." Alisita. "Sikujua nawe una mlango unaoupigia hodi. Ningejua, nisingesema mbele ya watu."

"Ulisema vizuri. Nilikuhitaji kuliko yule dereva." Daktari aliinuka, akamshika mikono. Ilikuwa na ugumu wa mkasi kwenye vidole, na joto. "Nikuite nani sasa? Mama mdogo?"

"Mdogo kwa kiuno hiki?" alisema fundi, na baba mtu akaangua kicheko. "Niite upendavyo, mwanangu, mradi shikamoo yangu usiiruke."

"Shikamoo, mama."

"Marahaba. Haya, shika hapa, tupime hili dirisha kubwa. Baba yako anavuta futi kama anavuta mpira wa kuzimia moto, vipimo vyote vimeniharibikia."

Daktari alivua viatu, akapanda kiti, akashika ncha ya futi juu ya dirisha. Chini, baba yake na fundi walikuwa wameshaanza kubishana, baba anataka mapazia mekundu kama gari la zimamoto, fundi anasema nyumba hii haitakuwa kituo cha kazi. Walipomwomba aamue, Daktari alisema hayo ni mambo ya watu wawili, yeye hayamhusu, akaendelea kushikilia futi yake huku akitazama nje na kutabasamu, jua la jioni likiingia ndani bila kuzuiwa na kitu.