Watoto wa Virginie

Wanajeshi walikaa majuma mawili katika hospitali moja ya Butembo, na walipoondoka, madaftari ya Daktari Thérèse Ngalula yalikuwa yameshaivisha maharagwe yao. Miaka sita ya kazi, sufuria tatu! Kilichopona ni sanduku la vioo vidogo, kila kimoja na kipande cha uvimbe wa titi na jina la mama aliyetolewa uvimbe huo. Muuguzi wake, Virginie Kahongya, alikuwa amelificha chini ya magunia ya viazi.

Thérèse alikuwa mtu wa Kasaï. Vita vilipoanza upya mwaka wa 1998, wenzake waliotoka mbali kama yeye walirudi kwao. Yeye alibaki na darubini moja na swali moja: je, homoni za mama aliyezaa mara nyingi hulisha uvimbe sawasawa na za aliyezaa mara chache? Sasa idadi ya uzazi wa kila mama ilikuwa imegeuka majivu, na akina mama wenyewe walishatawanyika, wengine Eringeti, wengine kaburini. Bila idadi ile, kazi ilikuwa imekwisha.

Virginie alimpenda sana daktari huyo. Jambo moja tu lilimchoma, na hakuwahi kulisema. Kila Jumatatu Thérèse alimtania: "Virginie, Kambale wako atacheza na nani? Mtoto mumoja tu!" Virginie alicheka, akaendelea kuosha vioo.

Ni yeye aliyewaza vitabu vya ubatizo vya parokia. Walivifungua pamoja. Mama wa kwanza, Tamar, alikuwa amebatizisha watoto wawili tu, wote wavulana.

"Bawili," daktari akaandika.

"Hapana, docteur. Angalia wa mwisho: Mbusa."

"Donc, basi?"

"Donc alizala banaume sita. Kwetu Banande, mwanaume wa kwanza ni Paluku, wa pili Kambale, tunaenda ivyo mpaka Mbusa, wa sita. Babinti nao beko na majina yabo. Hata mutoto akikufa mbele ya ubatizo, nafasi yake hapana pewa mungine."

Daktari aliweka kalamu chini. Alimtazama Virginie kwa muda mrefu, hata muuguzi akadhani amekosea kusema.

Mwingine angeshangilia na kuanza kujumlisha majina. Thérèse, hapana! Alitaka kuhakikisha kwanza. Alipanda pikipiki hadi Beni, akapita vizuizi vya askari akiwa na Biblia mkononi, akawatafuta akina mama ishirini waliokuwa hai. Aliwauliza walizaa mara ngapi, bila kuwaonyesha hesabu ya majina. Majibu yalilingana kwa wote ishirini. Ndipo alipokubali kuandika, na aliandika miezi minane, kwa mkono, kwa sababu umeme ulikuwa hadithi. Mwanamke yule alikuwa na kichwa kigumu cha ajabu, na ashukuriwe Mungu kwa kichwa kile.

Katika miezi hiyo hakumtania tena Virginie juu ya Kambale. Virginie alidhani ni uchovu.

Miaka ikapita. Thérèse akawa profesa, akaitwa Ulaya kupewa tuzo kwa utafiti wake, na watu wa Butembo wakajisifu kana kwamba wao ndio waliomzaa. Siku moja lori la Kirumba likaleta bahasha kwa Virginie. Ndani mlikuwa na kitabu cha profesa, kizito, chenye picha za uvimbe.

Virginie alifungua ukurasa wa kwanza. Palikuwa na mstari mmoja tu: "Kwa Virginie, mama wa Paluku na Kambale."

Paluku alikufa kifuani pa mama yake mwaka wa 1996, wakikimbia vita, akiwa na majuma matatu. Hakuna mtu aliyewahi kumsikia Virginie akilitaja jina lile hospitalini.

Alilia mpaka akatosheka. Kisha akamwita Kambale, ambaye sasa alishampita kwa kimo, akamwambia aketi, ampe habari za kaka yake.