Mgomba Uliozikwa Malaba

Amollo alizikwa Malaba Jumapili moja jioni, mwaka wa tisini na sita, na wakati anateremshwa kaburini yeye mwenyewe alikuwa Busia, anakunywa chai ya rangi na kumlaumu refa. Hata yeye alicheka alipoambiwa.

Kosa lilikuwa la mdomo wake. Kwa kazi Amollo alikuwa fundi wa baiskeli kando ya barabara ya mpakani, lakini jina alilipata kwa kuongoza mashabiki wa Mpakani Stars, timu ya Busia. Alikuwa na pembe ndefu ya ng'ombe, na akiipuliza, wazee wenye wajukuu waliweka heshima zao kando wakaruka kama ndama. Siku ya mechi na Reli Rangers wa Malaba alisimama juu ya lori la mashabiki, huko huko ugenini, akatangaza: "Tukifungwa leo, wanizike hapa hapa Malaba!" Wakafungwa matatu kwa bila. Mawe yakaanza kuruka, watu wakakimbilia lori, na kofia ya Amollo yenye manyoya ya jogoo ikabaki kwenye vumbi.

Aliyeiokota ni Makokha. Huyu alikuwa mpakiaji wa malori pale Malaba, kiongozi wa mashabiki wa Reli, na juu ya hayo yote rafiki mkubwa wa Amollo. Ujanani walikaa chumba kimoja na kubeba magunia pamoja, na tangu Amollo ahamie Busia walikuwa wakitukanana kwa mapenzi kila wanapokutana. Makokha akakata mgomba, akauvika ile kofia, akaulaza juu ya ubao. Yeye na wenzake wakaubeba mpaka shambani kwake wakiimba nyimbo za msiba, na wanawake wakalia machozi ya kucheka. Kaburi likachimbwa, likafukiwa, msalaba wa fito ukasimikwa juu yake.

Mgeni atasema huo ni mchezo tu. Lakini Makokha ni Mluhya, na Mluhya anajua mgomba huzikwa lini. Mtu akipotea na mwili wake usionekane, watu wake huzika mgomba mahali pake, na habari yake ikaishia hapo. Wajaluo wa ziwani, watu wa Amollo, wao huzika tunda la yago, lile refu na zito kama mtoto mchanga. Mtu hazikiwi mgomba halafu akarudi kuketi mezani kama kawaida. Makokha aliyajua haya tangu utoto, ila jioni ile mabao matatu yalikuwa yamempanda kichwani.

Habari ilifika Sio Port, kando ya ziwa, na wanunuzi wa omena, wale dagaa wa ziwani. Gaudencia, mama yake Amollo, alikuwa akigeuza omena zake juani aliposimuliwa, na msimuliaji alicheka peke yake. Mama huyu alishazika yago mara moja, kwa ajili ya Oyugi, mwanawe mkubwa, ambaye ziwa lilimchukua na halikumrudisha. Sasa wa pili naye amezikiwa mgomba, tena na watu wasio wa ukoo, kwa ajili ya mpira! Amollo alipokwenda kumwona alimkuta amesimama kwenye lango la ua, mkono umeshika fito.

"Usiingie."

"Mama, ni mimi."

"Naona ni wewe. Ndiyo maana nakwambia usiingie. Umeshaliliwa, mwanangu. Ukivuka hapa unaingia na kifo, na mimi kifo nimekilisha vya kutosha."

"Lakini ilikuwa mchezo wa mashabiki tu."

"Ziwa nalo lilikuwa linacheza na ndugu yako," alisema mama. "Yule aliyekuzika akufukue kwa mkono wake mwenyewe. Halafu mje wote wawili, mnywe manyasi kwa kibuyu kimoja. Siku hiyo utaingia na nitakupikia."

Manyasi ni dawa ya mizizi, ya kuondoa mkosi. Gaudencia alivaa rozari shingoni na manyasi aliyaweka chini ya kitanda, na viwili hivyo havikuwahi kugombana. Kubishana naye ilikuwa kupigia mbuzi gitaa. Amollo akarudi Busia na samaki aliyepewa juu ya fito za ua, amefungwa kwenye jani kama wa mgeni wa njiani.

Hapo ndipo kicheko kilipomwisha. Mke alikuwa amemwacha siku nyingi, baada ya kuchoka kuolewa na pembe. Ndugu hana, baba hana. Aliyebaki duniani wa kumwita mwanangu ni mmoja tu, na kwa huyo alikuwa amefungiwa nje. Pale kazini vijana wa baiskeli za boda boda walianza kumwita Marehemu. "Marehemu, nikazie breki!" Mwanzoni ilichekesha. Kisha akaona baiskeli zinapungua. Hawakumchukia, la, lakini abiria wa mpakani wana mizigo na safari, na nani anataka gurudumu lililoguswa na mtu aliyezikwa? Mama Brendah, muuza chai, akawa anamwekea kikombe chake mbali na vya wengine, kwa adabu, bila kusema neno. Jioni Amollo alifunga mlango wake, akawasha redio, akaisalimu redio. Kama hujawahi kukaa wiki nzima bila mtu kukupa mkono, huwezi kujua mkono wa mtu ni chakula.

Akavumilia, akashindwa, akaenda Malaba. Alimkuta Makokha chini ya lori, mabega yamejaa unga wa saruji.

"Wewe marehemu! Umefufuka lini?"

"Makokha, mimi sichezi. Mama amekataa niingie nyumbani mpaka unifukue, halafu tunywe manyasi pamoja."

Makokha akaacha kucheka. Kwa muda mfupi uso wake ulikuwa uso wa yule kijana wa chumba kimoja, aliyekuwa akimwachia Amollo upande mkavu wa mkeka mvua ikinyesha. Halafu wenzake wakasogea kusikiliza, na kiongozi wa mashabiki akarudi usoni.

"Aki boss, si ulisema mwenyewe uzikwe? Nitakufukua, hakuna shida. Hata huko kwa mama nitafika, nikunywe hiyo dawa. Lakini kwanza uniombe vizuri. Siku ya marudiano, kule kwenu Busia, mechi ikiisha, unapiga magoti mbele ya watu wangu. Watu wako pia waone."

"Magoti, Makokha?"

"Magoti yote mawili."

Wapakiaji wakapiga makofi. Amollo alikubali, maana alimtaka mama yake kuliko alivyoitaka heshima. Njiani kurudi alijiambia hivyo mara nyingi, kama mtu anayejaribu kuvaa kiatu kidogo.

Siku ya marudiano uwanja ulifurika kuliko ulivyowahi kufurika. Ulikuwa uwanja wa kuzungushiwa mabati, wenye malango mawili. Kamati iliyoandaa mechi ilikuwa imefunga moja kwa mnyororo ili watu wasipenye bila tiketi. Lililobaki lilikuwa jembamba, chini ya mteremko, na mvua ya asubuhi ilikuwa imeacha utelezi hapo. Watu wa Malaba walipewa upande wa juu. Amollo alimwona Makokha kule, amembeba mtu mabegani, anampungia mkono na kumwonyesha kwa kidole magoti yake. Amollo akageuza uso.

Mpaka mwisho ilikuwa sare, na Amollo alishaanza kusafisha suruali yake kwa mawazo. Ndipo Mpakani wakapata penalti. Hata yule mwenye ufunguo wa mnyororo aliacha lango lake akajipenyeza ndani aone. Penalti ikaingia.

Sasa, Busia palikuwa na desturi moja ambayo mashabiki waliipenda kuliko kombe lenyewe. Wageni wakifungwa, wenyeji hutangulia nje, wakasimama safu mbili langoni, na wageni hupita katikati mmoja mmoja huku wakiimbiwa nyimbo za kuwachoma. Anayeita watu kwenye safu ni mwenye pembe. Amollo alikuwa na hakika ya kupiga magoti, na ghafla Mungu amempa penalti. Makokha atapita chini ya pembe yangu, aliwaza. Atapita ameinamisha kichwa, halafu nitamkumbatia, tutakuwa sawa, na kesho twende kwa mama. Lilikuwa wazo la furaha, na hilo ndilo lililomtesa baadaye, kwamba halikuwa na chuki hata chembe.

Akakimbilia nje na kupuliza. Wakaja wengi mno. Safu mbili zikawa nne, zikawa ukuta, na lango jembamba likawa jembamba zaidi. Juu ya mteremko watu wa Malaba walikuwa wanateremka wote kwa pamoja, maana matone ya mvua yalikuwa yameanza tena, na wa nyuma hawakujua kuwa wa mbele wamesimama. Mtu mmoja akateleza. Amollo alisikia sauti zinapanda ndani ya mabati, akadhani ni matusi wanajibu, akapuliza kwa nguvu zaidi. Aliendelea kupuliza mpaka mzee mmoja aliyekuwa kando yake akaipiga pembe ikamtoka mdomoni, akamfokea: "Wanakufa! Huskii? Watu wanakufa!"

Wakavunja mabati kwa mikono. Wengi walitolewa wakihema, wengine wamevunjika. Makokha walimpata amesimama, amebanwa kwenye nguzo ya lango, mabega yale ya magunia yamegeuzwa kuwa ngazi. Waliookoka walisema aliwasukuma juu ya mabati mmoja baada ya mwingine mpaka pumzi ikamwishia. Alitolewa wa mwisho, na hapakuwa na la kufanya. Amollo alimshika mkono. Kwa majuma yote yale hakuna aliyempa mkono, na huu wa kwanza haukumshika.

Alikwenda mazishini peke yake. Mashabiki wa Reli walimtazama, na wa Mpakani hawakuja, kila mmoja akiogopa kuulizwa alikuwa wapi kwenye safu. Hakuna aliyemtukana, afadhali wangemtukana. Aliketi nyuma kabisa, na benchi lake likabaki lake. Baada ya kaburi kufukiwa, Teresa, mjane wa Makokha, alimwendea na macho yaliyovimba.

"Wanasema ni wewe ulipiga pembe."

"Ni mimi, shemeji."

Teresa akamwambia amfuate, akampeleka nyuma ya jiko, kwenye shamba la migomba. Palikuwa na shimo wazi lenye maji ya mvua, na msalaba wa fito umelala kando.

"Alikufukua Jumamosi, kabla ya mechi," alisema. "Nilimwambia si ungoje akupigie magoti kama mlivyosema. Akasema hapana, mama ya mtu asiteseke kwa sababu ya mpira. Mgomba tulimpa ng'ombe. Lakini hakutaka ujue. Alitaka upige magoti kwanza, halafu akwambie ni bure. Alicheka hapa mpaka akakaa chini."

Amollo akapiga magoti yote mawili kwenye matope, kando ya shimo lake. Hapakuwa na shabiki hata mmoja wa kupiga makofi. Teresa alimwangalia, kisha akasema kwa sauti ya mtu aliyechoka, "Nenda kwa mama yako. Huku hakuna kitu chako tena."

Siku iliyofuata alifika Sio Port mchana. Habari za Busia zilikuwa hazijafika vizuri, ila mtu alikuwa ameshampasha Gaudencia kwamba mgomba umefukuliwa, na mama alikuwa ameshajiandaa. Alikuwa amefagia ua. Harufu ya samaki wa kupaka ilitoka jikoni. Alisimama langoni na kibuyu cha manyasi mikononi, kitenge cha kanisani kimefungwa kiunoni, na kwa mara ya kwanza tangu Amollo azikwe alikuwa anatabasamu. Akachungulia nyuma ya mwanawe, kwenye njia iliyo tupu.

"Mwenzako yuko wapi? Mwambie asione haya. Mimi nimemsamehe."

"Alinifukua, mama. Kwa mkono wake."

"Nimesikia. Mwite basi, mnywe."

"Amekufa."

Tabasamu halikuondoka mara moja. Lilikawia, kama mgeni asiyejua kuwa amefukuzwa. "Amekufa na nini?"

Amollo angeweza kusema utelezi. Angeweza kusema mnyororo wa kamati, na isingekuwa uongo. Alimwangalia mama yake, mtu pekee aliyebaki naye duniani.

"Na pembe yangu," alisema.

Gaudencia hakulia wala hakumlaani. Alikiangalia kibuyu kwa muda mrefu, kisha akakiinamisha, dawa yote ikamwagika kwenye majani nje ya fito.

"Manyasi ya wawili hayanywewi na mmoja," alisema polepole. "Wala mimi siwezi kunywa kwa niaba ya mtoto wa mwanamke mwingine."

Akageuka akaingia jikoni. Aliporudi alileta sahani ya ugali na samaki, kipande cha kichwa, kile ambacho Amollo alikipenda tangu mdogo. Akaipitisha juu ya fito. Halafu akavuta kigoda mpaka karibu na lango, yeye upande wake, akaketi, akafunika mdomo kwa kitenge.

Amollo alikaa chini njiani, akanawa, akaanza kula. Samaki alikuwa mtamu. Walikuwa karibu kiasi cha kila mmoja kusikia pumzi ya mwenzake, na alikula peke yake.